Waturuki Wasio na Macho

Harufu ya rangi ya kucha hunirudisha Pangani. Wengine wakiisikia hufikiria harusi. Mimi hufikiria vita. Nikipita mbele ya saluni hapa Tanga, mlango ukiwa wazi, harufu ile ikinigonga puani husimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na papo hapo ninakuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa sakafuni katika chumba cha juu cha nyumba ya bibi yangu, ulimi nje, nampaka Mturuki kofia. Harufu ya pili ilikuwa ya mbata, maana ua wa jirani ulikuwa wa kukaushia nazi, na hizo mbili zikikutana katika joto la saa nane mchana kichwa kiliniuma mpaka nikaona vimulimuli. Lakini sikutoka chumbani. Nilikuwa sina pa kwenda.

Nisije nikaonekana nadeka, nieleze. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno yote, simkumbuki hata kwa sauti. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za mizigo, na nilimjua zaidi kwa barua kuliko kwa uso. Nyumba yetu ilijengwa na babu wa babu yangu, aliyetoka Omani akanunua mashamba ya minazi, akajenga kana kwamba wajukuu wake mia wangekaa humo. Kufika zamu yangu minazi ilikwishauzwa, wajukuu walikwenda zao Dar es Salaam na Maskati, na ndani ya zile kuta nene tulibaki wawili, mimi na Bibi, mama yake baba. Vyumba vingine havikufunguliwa mwaka mzima. Watoto wa mtaani hawakuwa wabaya, tulicheza vizuri tu, ila ikifika saa kumi na mbili jioni mama zao walitoka milangoni wakawaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, Mwajuma, Athumani, Zawadi, mpaka uwanja ukabaki na mimi peke yangu. Bibi hakuwa mtu wa kupaza sauti barabarani. Alijua nitarudi mwenyewe, na kweli nilirudi. Lakini nilitamani kuitwa, walau mara moja, hata kwa ukali.

Sanduku lilifika kwa posta katika Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi Ndogo. Lilikuwa la mbao nyembamba, limezungushiwa kamba, na lilikuwa zito hata Bibi akadhani baba ametuma vyombo vya jikoni. Juu kabisa kulikuwa na barua mbili. Yangu nilipewa, yake akaitia kifuani bila kuifungua, maana Bibi alisoma herufi za Kiarabu tu; hizi za shuleni hakuzijua. Chini ya barua, wamelala ndani ya vipande vya magazeti, walikuwamo askari ishirini na wanne wa madini, kila mmoja urefu wa kidole changu cha shahada, hawana rangi hata chembe. Kulikuwa na karatasi moja yenye picha za rangi kuonyesha kila askari avae nini, na maelezo ya Kituruki ambayo sikuyaelewa isipokuwa neno moja lililofanana na askari. Mpaka leo sijui baba aliwaza nini. Una mtoto wa kike Pangani, unamtumia Waturuki. Bibi alisema labda duka lilibakiwa na hao tu. Barua yangu ilikuwa fupi na naikumbuka yote. Mwishoni iliandikwa: “Meli yetu iko matengenezoni Izmir, huku Uturuki. Wapake rangi polepole, mwanangu, usifanye haraka. Ukimaliza wa mwisho, baba atakuwa amefika.”

Basi mtu mzima akiandika maneno kama hayo hudhani ameandika utani. Mimi niliyachukua kama mkataba. Siku ile ile nilianza kazi, na ndipo nikagundua kwamba baba ametuma askari na hakutuma rangi. Nyekundu ya zile kofia zao, ambazo sisi tunaziita tarbushi, niliipata kwa Mwanahamisi, bi harusi wa nyumba ya pili, aliyenipa kichupa cha rangi ya kucha kilichobaki robo. Makoti yao yalikuwa ya samawati nzito, nikachukua buluu ya kufulia nikaikoroga na gundi. Viatu na mikanda nilipaka kwa rangi ya viatu vya shule. Vifungo vya dhahabu vilinishinda nusu mwezi, mpaka nikajaribu manjano ya mchuzini pamoja na ute wa yai, vikang’aa, ila chumba kikanuka. Brashi nilijitengenezea: nilikata ncha ya nywele zangu, nikazifunga kwa uzi kwenye kijiti cha chelewa nilichochomoa katika ufagio. Bibi aliuliza ufagio unapungua kwa nini. Nikasema sijui.

Nyuso zilinisumbua kuliko vyote. Kwenye karatasi Waturuki walikuwa na mashavu ya waridi kama halua ya rangi, na mimi sikuwa na waridi, tena sikuitaka. Nilichukua vanishi ya milango iliyobaki stoo, nikaipunguza kwa mafuta ya taa, nikawapaka wote maji ya kunde, rangi ya baba yangu kwenye picha iliyokuwa ukutani. Nikawatilia masharubu ya wanja, kama yake. Miguuni pao kulikuwa na namba: kumi na wawili waliandikwa 1854, na kumi na wawili 1877. Nilipokua nilisoma kwamba wale wa kwanza walipigana na Mrusi huko Krimea, na wale wa pili walizingirwa na huyo huyo Mrusi mahali paitwapo Plevna mpaka chakula kikawaishia. Wakati ule sikujua hayo. Nilifanya hesabu kwa vidole nikaona ni miaka ishirini na mitatu, nikaamua kwamba hawa wa 1877 ni watoto wa wale wa 1854, nao wamevaa nguo za vita wametoka kwenda kuwatafuta baba zao. Huo ndio mchezo niliocheza. Sikuwapiganisha hata siku moja. Niliwapanga wa 1877 kwenye mlango wa chumba, na wa 1854 nikawaficha uvunguni, na kila siku wakakaribiana hatua moja.

Kufika Idi Kubwa walikuwa wamevaa wote. Yalibaki macho tu. Nilikuwa nimechonga kijiti chembamba kama sindano, nimesaga wanja, niko tayari, na hapo Bibi akanikataza. Alisimama mlangoni na kanga yake kichwani, akasema vitu hivi ni sanamu, na sanamu ikitiwa macho inakuwa na uso kamili, na malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu. Nikamwambia mbona walikuwa na pua na midomo tangu walipofika na hakusema kitu. Akasema atamuuliza Maalim. Alimfunga askari mmoja ndani ya leso, akavaa buibui, akaenda kwa Maalim wetu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu: Maalim atatazama kitabuni, na mpaka atakapojibu, macho nisitie.

Nikawa namfuata Maalim kila Alhamisi tukifunga chuo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, miwani yake imeshikizwa na uzi upande mmoja. Wenzangu wakishatoka mbio nilibaki nimesimama mbele ya jamvi lake, namwamkia mara ya pili. Yeye alijua nimekuja na nini. Aliniambia kwamba hao ni askari wa Sultani wa Stambuli, na kwamba babu yake aliwahi kumwona Mturuki mmoja Makka, na mengi mengine ya kunipendeza, kisha mwishoni anasema, “Bado natazama kitabuni, binti yangu.” Wiki ya kwanza nilimwamini. Wiki ya pili nikakiangalia kile kitabu kikubwa kwenye kabati, nikaona hakijafutwa vumbi. Wiki ya tano nilikuwa nimekasirika kabisa. Bibi akinihubiria kwamba subira yavuta heri, mimi moyoni najibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Hata Mwanahamisi alimwambia Bibi kwamba mtoto akililia wembe mpe. Bibi akajibu kwamba huo msemo ulitungwa na mtu asiye na mtoto.

Niwe mkweli, sikuwa nagombania askari. Nilikuwa na hakika, kwa ule uhakika wa miaka tisa usiosikia la mtu, kwamba baba yangu amesimama mahali fulani na mizigo yake, anangoja nimalize. Alikuwa tayari kuja. Kilichomzuia ni nukta arobaini na nane za wanja. Kila siku iliyopita niliiona ni siku ambayo Bibi na Maalim wamemnyima baba njia.

Mfungo Sita, siku ya maulidi ya wanawake, Bibi alijifukiza udi akaenda. Mimi nilisema kichwa kinauma, na haikuwa uongo mtupu. Aliposhuka ngazi tu nilikaa chini nikawatia macho wote ishirini na wanne, haraka haraka, sikupumzika mpaka wa mwisho. Kisha nikaoga. Nikavaa gauni la Idi. Nikawateremsha Waturuki kwenye baraza ya mbele, nikawapanga safu mbili, baba na watoto wamechanganyika, wamekodolea macho njia inayotoka kwenye kivuko, kwa kuwa yeyote anayekuja kwa meli nilidhani atatokea upande wa maji. Nikakaa kando yao. Watu walipita wakanisalimu. Mwanahamisi alipita pia, akacheka kuniona nimependeza, akauliza namngoja nani. Nikamwambia, baba. Kicheko kikamkauka. Akarekebisha kanga yake ambayo haikuwa na kasoro, akasema haya mama, akaenda zake, na nilishangaa kwa nini hakuuliza zaidi.

Bibi alirudi jua limepoa, ananukia marashi, mkononi ana kifurushi cha halua aliyoniletea. Alisimama barabarani akawatazama askari. Akalitazama gauni. Akanitazama mimi. Nilijiandaa kwa kofi, nikakaza shingo. Hakunipiga. Alivua viatu, akapanda barazani, akakaa upande wa pili wa Waturuki, buibui lake limemwagika sakafuni.

“Basi tumngoje,” alisema.

Tukamngoja. Halua ilikaa katikati yetu, hakuna aliyeifungua. Kivuko kilikuja kikaenda, watu wakapanda na baiskeli na matenga yao, kila aliyevaa suruali ndefu nilimdhania. Mama zao wenzangu wakatoka wakaita majina. Ikaadhiniwa magharibi, na Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akichelewesha sala hata akiwa na homa, alikaa pale pale mpaka mimi niliponyanyuka mwenyewe. Ndipo akanyanyuka na yeye, akaniwekea mkono kichwani, tukaingia.

Asubuhi yake nilimkuta amewalaza askari kwenye sinia, ana kitambaa na kibatari cha mafuta ya taa kisicho na utambi, anawafuta macho mmoja mmoja. Nilipiga yowe. Hakusimama. Alimnyanyua mmoja akamwelekeza dirishani kwenye mwanga. “Tazama kazi yako,” akaniambia. “Jicho hili linatazama mtoni, hili linatazama jikoni. Baba yako aje kwa askari makengeza? Ulifanya haraka, na yeye alikwambia polepole.” Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa muda wa wiki nzima, sikula alichopika mpaka njaa iliponishinda. Lakini ndani ya chuki ile kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukifahamu wakati ule, nacho ni nafuu. Kumbe baba hakukataa kuja. Kumbe mimi ndiye niliyekosea, na la kukosea hurekebishwa. Nikaanza upya kujifunza kuchora nukta, kwenye makaratasi, kwenye maganda ya mayai, mkono utulie. Na Maalim bado alikuwa anatazama kitabuni.

Mambo haya hayana siku ya kuisha. Nilikuja kugundua kwamba mwezi umepita na sikumuuliza Maalim. Nikafaulu, nikaenda sekondari ya bweni, sanduku likabaki Pangani. Baba aliandika mara mbili tena, kisha akanyamaza. Kwamba ana mke Izmir na watoto hakuna aliyenikalisha kitako akaniambia. Nililijua kama mtoto anavyojua mambo ya watu wazima, kwa kuona wananyamaza nikiingia. Asiyekuwapo na lake halipo, nikaacha kumtaja. Lakini kisa cha macho nilikisimulia sana bwenini, wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu: bibi mkali aliyewaogopa askari wa urefu wa kidole, na maalim aliyetazama kitabu mwaka mzima asipate ukurasa.

Bibi alifariki nikiwa na miaka ishirini na sita, nimekwishaanza kufundisha shule ya msingi. Kwenye arobaini yake Maalim aliletwa ameshikwa mkono, maana macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nikamwamkia shikamoo, akanitambua kwa sauti, akaniuliza wale askari wako wapi. Nikamjibu kwa utani, bado wanangoja kitabu chako, Maalim. Hakucheka.

“Sikutazama kitabu chochote,” alisema. “Bibi yako alipokuja na yule askari kwenye leso, nilimjibu hapo hapo mlangoni. Vitu vya kuchezea watoto havina neno. Akaniambia, Maalim, hilo nalijua. Sikuja kuuliza. Nimekuja kukuomba usimwambie.”

Yeye ndiye aliyemsomea Bibi ile barua iliyotiwa kifuani, siku ile ile sanduku lilipofika. Baba alikuwa ameandika kwamba ameoa huko, kwamba hatarudi, na kwamba mama yake atafute namna ya kumwambia mtoto polepole. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena, akaikunja. Kisha akamwambia Maalim kwamba atamwambia mtoto, lakini siyo leo. “Leo yake ikawa ndefu,” Maalim alisema, akapapasa hewani akitafuta mkono wangu. Kwanza nilikasirika, kama kawaida yangu. Nikahesabu Alhamisi zote nilizosimama mbele ya jamvi lile. Halafu nikaikumbuka baraza. Nikamwona Bibi anavua viatu, anakaa, anangoja pamoja nami mtu ambaye alikwishajua haji, na magharibi inampita. Nililia mbele za watu, na waliofika kwenye arobaini walidhani ni msiba wa kawaida.

Siku hizi baba anapiga simu. Ndugu zangu wa huko walinitafuta mtandaoni, na sasa uso wake unatokea mezani kwangu, mzee, masharubu meupe, Kiswahili chake kimeshika kutu, anatafuta maneno. Zamani habari yake ilichukua miezi na ilikuja na kamba na mihuri. Leo inakuja kabla chai haijapoa. Simu imeleta uso, haijaleta mtu. Mimi nazungumza naye kwa adabu, mambo ya afya na hali ya hewa. Anayempenda ni binti yangu Rukia, ana miaka minane, haipiti siku bila kumpigia babu. Na babu amemwambia kwamba mwaka huu, inshallah, Idi atakula Pangani. Mwaka jana alisema hivyo hivyo. Mwaka juzi pia. Rukia hahesabu kama ninavyohesabu mimi. Anauliza babu atalala chumba gani.

Juzi nilirudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni, amelifungua sanduku nililolileta kutoka Pangani. Waturuki wamesimama safu mbili, buluu imepauka, tarbushi bado nyekundu kama jana. Alikuwa amewaonyesha babu yake kwenye simu. Pembeni ana brashi nzuri ya dukani na kichupa cha rangi nyeusi, vyote vya kazi za shule, vitu ambavyo mimi ningevililia. “Mama, yamebaki macho tu,” akaniambia. “Babu amesema tukimaliza atakuja.”

Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu begani. Nilikuwa na maneno yote ya kweli mdomoni, yamepangika, ya mtu mzima aliyesoma. Nikamwambia angoje kwanza, asitie macho, mpaka nikamuulize Maalim. Akakubali bila ubishi, akaanza kuwarudisha sandukuni mmoja mmoja, polepole, asiwaharibu. Maalim tulimzika mwaka juzi.